Mwanga wa Simu na Jua la Mchana

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Juma hili nataka tuzungumze juu ya macho. Sisemi yale macho ya kuona mbali ambayo tunawahimiza viongozi wetu wawe nayo. Hayo tumekwisha kuyasema sana, na waliosikia wamesikia. Nasema macho haya mawili ya kichwani, ambayo Mwenyezi Mungu alitupa jozi moja tu, bila ya akiba.

Kilichonifanya nilizungumze jambo hili ni biashara. Ukipita mitaani siku hizi, iwe Kariakoo, iwe Darajani, iwe River Road, utakuta inauzwa miwani ya aina mpya. Vioo vyake ni vyeupe, lakini ukivigeuzageuza juani utaona rangi ya buluu ikimeremeta juu yake. Muuzaji atakuambia kwamba hiyo ndiyo miwani ya kuzuia mwanga wa simu na kompyuta. Atatoa kijitochi chenye mwanga wa buluu, akumulikie kikaratasi, kisha aweke kioo cha miwani katikati. Mwanga unapotea! Watu wanashangaa, na mikono inaingia mifukoni.

Basi hebu tujiulize. Hicho kijitochi kimethibitisha nini? Kimethibitisha kwamba kioo kile kinazuia mwanga wa kijitochi kile. Hakikuthibitisha kwamba simu yako ina mwanga mkali kama huo, wala kwamba mwanga wa simu unadhuru jicho. Hayo mawili mnunuzi anaachiwa ayamalizie mwenyewe kichwani mwake, na huyamalizia kwa hofu.

Tuanze na hesabu. Wataalamu wana kipimo cha mwanga kiitwacho luksi. Ndani ya chumba chenye taa nzuri, kama ofisi, mwanga huwa kiasi cha luksi 300 hadi 500. Nje, mchana wa jua kali, mwanga hufikia luksi 100,000. Nimesema laki moja, msikilizaji, sikukosea. Na kioo cha simu ukikishika mbele ya uso, mwanga unaofika machoni kwa kawaida haufiki hata luksi 100. Ule mwanga wa buluu ambao watu wanauogopa, mwingi wake unatoka mbinguni, katika anga lile lile tunalolisifia kwa ubuluu wake. Mtu anayetoka nje kwenda dukani kununua miwani ya kujikinga na simu, amekwisha kupokea njiani mwanga wa buluu kuliko atakaoupata kwa simu yake siku nzima.

Tena jua lina kitu ambacho simu haina. Lina mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni lakini ngozi inaijua, kwani ndiyo inayoibabua. Mionzi hiyo ndiyo yenye kesi kubwa mbele ya madaktari wa macho. Simu, televisheni na kompyuta za leo hazitoi kiasi chake cha kufaa kutajwa.

Si mimi ninayeyasema haya kutoka kichwani, kwani mimi si daktari. Mwezi wa Agosti 2023 jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima majaribio ya tiba yanayofanywa duniani, lilitoa ripoti juu ya majaribio 17 ya miwani hii ya kuzuia mwanga wa buluu. Jopo halikuona kwamba miwani hiyo inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida, angalau kwa muda mfupi ambao majaribio hayo yalichukua. Kuhusu usingizi, majaribio yalipingana yenyewe kwa yenyewe. Na kabla ya hapo, mwaka 2017, baraza linalosimamia wataalamu wa miwani huko Uingereza liliitoza kampuni kubwa ya Boots Opticians faini ya pauni 40,000 kwa sababu ya tangazo lake la mwaka 2015 lililowatia watu hofu ya mwanga wa buluu ili wanunue vioo vyake. Wenzetu wametozana faini, sisi bidhaa ile ile tunaipokea kama ufunuo mpya.

Lakini msikilizaji mmoja atasema, ‘Bwana wee, mimi macho yananiuma nikimaliza kazi ya kompyuta. Utaniambia naota?’ La hasha, huoti. Macho yanauma kweli. Sababu ndiyo siyo hiyo unayouziwa.

Sababu ya kwanza ni kupepesa. Mtu anayezungumza na mwenzake barazani hupepesa macho kiasi cha mara 15 kwa dakika. Akikodolea kioo cha kompyuta, hushuka hadi nusu ya hapo au chini zaidi. Kope ndizo zinazolipaka jicho machozi. Zisipofunga, jicho linakauka. Ukiongeza feni inayopuliza usoni, au kile kiyoyozi cha ofisini, unapata macho mekundu yanayochoma kama yametiwa mchanga. Dawa yake haiuzwi: pepesa, ondoa feni usoni, na kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mbali, hatua nane au kumi hivi, kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Ukitazama karibu, misuli ya ndani ya jicho imekaza. Ukitazama mbali inalegea. Mtu hawezi kubeba ndoo ya maji kutwa nzima bila kuitua. Basi na jicho hivyo hivyo.

Sababu ya pili ni umri, na hapa wengi wetu ni wabishi. Mtu akifika miaka 40, 45, lenzi ya jicho inaanza kuwa ngumu na haikunjuki kama zamani. Anarefusha mkono ili asome ujumbe. Mkono ukiisha urefu anasema simu imemharibu macho. Jamani, simu imesingiziwa! Babu yake hakuwa na simu, naye alikuwa akirefusha mkono kusoma barua. Huyu anahitaji miwani ya kusomea, basi, na apimwe kwanza, kwa sababu katika kupimwa huko ndiko hugundulika presha ya macho, ambayo huiba uwezo wa kuona polepole bila mwenyewe kujua.

Sisemi kwamba simu haina kosa. Simu inayong'aa kitandani saa sita ya usiku inauambia mwili kwamba bado ni mchana, na zaidi ya mwanga wake, yale yaliyomo ndani yake hayamwachi mtu alale. Hilo ni kosa. Lakini ni kosa la usingizi, na dawa yake ni kuizima.

Sasa tuje kwa watoto, maana hapa ndipo mambo yanapogeuka, na wazazi nawaomba wasogee karibu na redio.

Katika miji ya Asia ya Mashariki, vijana wengi kupita kiasi wanamaliza shule wakiwa hawaoni mbali. Katika baadhi ya miji hiyo wanafika wanane au tisa katika kila kumi. Jicho la mtoto anayekua linarefuka kwenda nyuma kupita kipimo, na picha ya kitu cha mbali haifiki mahali pake. Kwa miaka mingi watu walilaumu vitabu, wakalaumu televisheni, leo wanalaumu simu. Ni kweli kwamba kukodolea kitu cha karibu kwa saa nyingi kumo katika lawama. Lakini uchunguzi ukaonyesha jambo ambalo bibi zetu wangelisema bila uchunguzi: watoto hawa hawatoki nje.

Mjini Guangzhou, China, walichukua shule 12 za watoto wa miaka 6 na 7. Katika nusu ya shule hizo wakaongeza kipindi kimoja cha dakika 40 kila siku ya shule, watoto wakafanyie mambo yao nje. Nusu nyingine wakaziacha kama zilivyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, katika shule zilizoachwa, watoto 39.5 katika kila mia walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Katika shule zilizotoa watoto nje walikuwa 30.4. Dakika 40 tu! Na huko Taiwan, tangu mwaka 2010 serikali ilizihimiza shule ziwatoe watoto nje dakika 120 kwa siku, na ile idadi ya watoto wenye macho hafifu, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ikipanda, ikaanza kushuka. Wataalamu wanaeleza kwamba mwanga mwingi wa nje huliamsha jicho litoe kemikali inayolizuia lisirefuke ovyo.

Sasa tutazame kwetu. Mtoto wa mjini anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, anapakiwa katika basi la shule lenye vioo vyeusi, anaingia darasani, anatoka darasani anaingia tuisheni, anarudi jioni giza limeingia, anafanya kazi za nyumbani, halafu anapewa simu ya mama ili atulie mama apumzike. Jumamosi tuisheni. Kiwanja cha shule kilikuwapo, kimejengwa madarasa mengine kwa sababu madarasa yanalipiwa ada na kiwanja hakilipiwi. Halafu mzazi huyo huyo anakwenda kumnunulia mtoto miwani ya kuzuia mwanga wa buluu! Mtoto huyu amenyimwa mwanga, na sisi tunamnunulia cha kumpunguzia.

Najua swali linalokuja. ‘Huyu mtangazaji ametuambia jua lina mionzi inayodhuru, sasa anatuambia tuwatoe watoto juani. Tushike lipi?’ Yashikeni yote mawili, hayapigani. Chini ya mwembe kivulini, mwanga bado ni maelfu ya luksi, mara nyingi zaidi ya ule wa darasani. Mtoto aliyevaa kofia anacheza rede chini ya mti amepata mwanga unaomfaa bila kuliangalia jua uso kwa uso. Kinachotakiwa ni kuwa nje. Hakuna aliyesema abanikwe.

Na kubanikwa ndilo jambo ninalotaka kulisema sasa, kwa kuwa wako watu wazima ambao maisha yao yote ni kubanikwa, nao hawamo katika matangazo ya miwani.

Nendeni Paje, Jambiani au Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja. Huko kilimo cha mwani kwa biashara kilianza mwaka 1989, na wakulima wake ni maelfu, wengi wao akina mama. Mwani huhudumiwa maji yakiwa yamekupwa. Na wenyeji wa pwani mnajua: siku za bamvua, maji hukupwa kabisa saa nne, saa tano ya asubuhi. Mama yule hana hiari ya kuchagua saa ya kivuli. Bahari ndiyo inayompangia ratiba, na bahari imempangia jua likiwa limekwisha kupamba moto. Anainama masaa matatu, manne. Jua linampiga kwa juu, na mchanga mweupe na maji vinalirudisha kwa chini. Mchanga mkavu wa pwani unarudisha kiasi cha sehemu 15 katika mia ya mionzi ile, na povu la bahari sehemu 25. Kwa hiyo hata mtandio aliojifunika kichwani haumsaidii kwa upande wa chini.

Jua hili linafanya nini machoni? Linaweza kuotesha kinyama upande wa pua, juu ya weupe wa jicho, kikawa kinatambaa polepole kuelekea kwenye mboni. Nendeni kwenye bandari yoyote ya wavuvi mtaviona. Watu wengi hudhani ni uchafu au ni uchawi. Kikifika kwenye mboni kinaziba njia, na dawa yake ni kukatwa na daktari, nacho kina tabia ya kurudi.

La pili ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza duniani kwa kupofusha watu. Ile lenzi safi ya ndani ya jicho inageuka ukungu. Lazima niwe mkweli hapa: jua si sababu yake pekee. Uzee ndio sababu kubwa, na kisukari kimo, na sigara imo. Lakini jua limo pia. Mwaka 1988 madaktari wa Marekani walitangaza uchunguzi wao juu ya wavuvi 838 wa kaa na chaza katika ghuba ya Chesapeake, jimbo la Maryland. Walimhoji kila mmoja maisha yake yote kazini: miaka mingapi majini, miezi gani, ulikuwa ukivaa kofia, ulikuwa ukivaa miwani. Wakakuta kwamba mtu aliyepata mionzi maradufu ya mwenziwe, hatari yake ya kupata aina moja ya mtoto wa jicho inazidi kwa asilimia 60. Aina nyingine haikuonyesha uhusiano huo. Hao ni wavuvi wa nchi yenye baridi, ambayo jua lake la Desemba ni kama taa inayoishiwa mafuta. Sisi tunaoishi kwenye mstari wa Ikweta, jua linapita juu ya vichwa vyetu mwaka mzima.

Tena watu hudhani hatari ni saa sita tu. Ngozi ndiyo inayoungua zaidi saa sita. Jicho limewekwa ndani ya shimo, juu yake kuna mfupa wa nyusi, na jua likiwa utosini nyusi hulikinga kiasi. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri jua linakuja ubavuni, moja kwa moja usoni. Anayeendesha bodaboda akielekea mashariki asubuhi na magharibi jioni anajua ninachosema. Na mawingu yasiwadanganye: mawingu mepesi yanapitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo hata kama joto limepungua.

Mlimani nako ni vivyo hivyo. Kila ukipanda mita 1,000, mionzi inaongezeka kwa asilimia 10 hivi, na theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80. Watalii wanaopanda Kilimanjaro kufika Uhuru, mita 5,895, wanavaa miwani mizito iliyofunika hadi pembeni. Mpagazi aliyebeba mzigo wa mtalii mara nyingi hana. Kampuni inayompa koti na viatu inashindwaje kumpa na miwani?

Basi kinga ni nini? Ya kwanza ni kofia, na hapa siongelei kofia yetu ya kiua ya viunga, ambayo ni pambo zuri la msikitini na harusini lakini haina ukingo. Nasema kofia yenye ukingo mpana pande zote, kama zile za ukili ambazo wazee wetu wa mashambani walizisuka wenyewe. Ukingo mpana unapunguza karibu nusu ya mionzi inayofika machoni. Hapa tumetupa kitu chetu. Kijana wa leo anaona haya kuvaa kofia ya ukili, anavaa kapelo, tena kaligeuza nyuma, ukingo unakinga kisogo.

Ya pili ni miwani ya jua, na hapa kuna mtego. Weusi wa kioo si kinga. Kioo cheusi kisicho na kinga ya urujuanimno kinaweza kuwa kibaya kuliko macho matupu, kwa sababu ukikaa gizani mboni inapanuka, mlango unafunguka, na mionzi inaingia. Kinyume chake, kioo cheupe kabisa cha polikaboneti huzuia karibu mionzi yote. Kwa hiyo unaponunua usiulize weusi wake, tafuta maandishi ya UV400. Najua utasema kwamba maandishi hayo siku hizi yanabandikwa hata kwenye miwani ya plastiki ya watoto. Ni kweli. Lakini maduka mengi ya miwani yana kifaa kidogo cha kupimia. Peleka miwani yako wakupimie, ni kazi ya nusu dakika. Ile inayokata mng'ao wa maji na lami inastarehesha sana madereva na wavuvi, lakini kukata mng'ao na kuzuia mionzi ni mambo mawili mbalimbali, hakikisha inayo yote mawili. Na tafadhali, miwani ya jua usiku barabarani ni kujitafutia makubwa.

Sasa nataka niwageukie mafundi. Katika Kenya mafundi wa mitaani wanaitwa Jua Kali, kwa vile walianza kazi zao wazi, bila paa. Jina hilo linawastahili mara mbili wale wanaochomelea vyuma, maana wanakaa chini ya jua moja na kuwasha jingine mkononi. Ule mwako wa umeme unatoa mionzi ya urujuanimno mikali sana. Fundi anachomelea mageti kutwa nzima na miwani ya jua ya kununua mtaani, au anafumba macho na kugeuza uso kila anapogusisha. Mchana haumwi. Anakwenda nyumbani, anakula, analala. Saa saba ya usiku anaamka anapiga kelele, macho yamevimba, yanamwaga machozi, kama mtu amemtia kokoto. Ndivyo ilivyo, ugonjwa huu huchelewa saa kadhaa, na ndiyo maana wengine wanauhusisha na mambo mengine.

Hapo sasa ndipo madhara ya pili yanapoanza. Anamiminiwa maziwa. Anakamuliwa kitunguu. Anapewa matone ya kutia ganzi yaliyobaki kwa jirani, maumivu yanakoma, na kesho anarudi kazini na jicho lenye kidonda asilolihisi. Ndugu fundi, jicho lililochomwa namna hiyo kwa kawaida hupona lenyewe siku moja au mbili: kaa gizani, weka kitambaa cha maji baridi juu ya kope, meza dawa ya maumivu, usilisugue. Likizidi siku mbili, au ukiona ukungu, nenda kwa daktari. Matone ya ganzi usijitilie kamwe. Wala yale matone ya steroidi ambayo baadhi ya maduka ya dawa yanauza kama pipi. Yakitumiwa muda mrefu yanaleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Lakini zaidi ya hayo yote, tumia kinyago chenye kioo chake maalumu. Na yule kijana msaidizi anayeshika chuma naye anayo macho. Na watoto wanaosimama kutazama cheche, wafukuzeni.

Kuna wananchi wenzetu ambao mwanga kwao si suala la kinga ya baadaye bali ni la kila dakika. Hao ni watu wenye ualbino. Wengi tumezoea kuzungumzia ngozi zao. Macho yao tunayasahau. Ile rangi inayokosekana katika ngozi inakosekana na ndani ya jicho, kwa hiyo mwanga unaingia si kwa mboni tu bali hupenya na pembeni yake. Mchana wa kawaida kwao ni kama mtu anamulikwa taa za gari. Macho hayatulii, na wengi hawaoni mbali hata wakivaa miwani. Mtoto wa namna hii akikunja uso darasani haringi wala hana kiburi. Hapo Moshi, katika hospitali ya KCMC, yanatengenezwa mafuta ya kukinga ngozi za watu hawa, jambo la kusifiwa sana. Lakini mafuta hayapakwi machoni. Mtoto huyu anahitaji kofia pana, miwani ya kinga, na kiti cha mbele mbali na dirisha. Nimesikia bado wako walimu wanaomvua mtoto kofia kwa kuwa si sare ya shule. Mwalimu, sare hiyo nani aliiandika, na anayezuiwa kuongeza neno moja juu yake ni nani?

Nimalizie na jambo lenye tarehe. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, kutazama mwezi ukiingia katikati ya jua na kuacha pete ya moto. Kupatwa kwa jua kungine kukubwa ni Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027. Giza kamili litapita Luxor huko Misri, Jedda na Makka, Yemen hadi ncha ya Somalia. Sisi wa Kenya na Tanzania tutaona jua likimegwa kipande.

Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Siku hiyo mwenye macho lazima aambiwe asitazame. Sehemu ya nyuma ya jicho haina mishipa ya kuhisi maumivu, kwa hiyo inaungua kimya kimya, na kilichoungua pale madaktari hawana dawa ya kukirudisha. Isaac Newton mwenyewe, bingwa wa elimu ya mwanga, alilitazama jua katika kioo alipokuwa kijana, na katika barua yake kwa John Locke mwaka 1691 alieleza jinsi alivyolazimika kujifungia chumba cha giza siku tatu, maana kila alichotazama aliliona jua. Alipona. Si wote wanaopona.

Miwani ya jua ya kawaida haifai kwa kazi hiyo, hata iwe na UV400. Filamu ya eksirei haifai, sidii haifai, kioo kilichopakwa masizi hakifai, na lile beseni la maji walilotumia wazee halifai pia. Kinachofaa ni miwani maalumu ya kupatwa kwa jua, au kioo cha kuchomelea cha namba 14. Na kwa wasio na kimojawapo, iko njia isiyo na gharama: toboa karatasi kwa pini, lipe jua mgongo, uache mwanga upite katika kitundu uangukie karatasi ya pili. Utaliona jua dogo limemegwa. Au simama chini ya mwembe utazame chini. Kila nafasi kati ya majani inafanya kazi ya kitundu kile, na yale madoa ya mwanga ambayo siku zote ni mviringo utayakuta yamekuwa hilali, mamia kwa mamia, yametandazwa mchangani.